Kijani Kwenye Sinia la Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Natumaini kifua kimekuachia na wanao hawajambo. Sisi huku tunasukuma siku. Mama anakula kidogo, anaongea kwa nadra, na kiti cha Baba hakuna anayekikalia.

Barua zako tatu zimefika, na zote zinaulizia lile jimbi, ule mmea wa Baba wenye majani kama manyoya. Mmea wenyewe, aliopewa siku anastaafu kazi ya bustani, ulikauka wiki ya msiba, maana hakuna aliyekumbuka maji. Likabaki sinia la udongo alilolinyunyizia spora za jimbi hilo, ule unga wa chini ya majani, kabla hajalazwa hospitali. Kila mara nimekujibu kwamba bado halijaota.

Ngoja kwanza nikwambie ninachofundisha darasani, maana si bure Baba aliniita Mwalimu wa Ubao. Kuvumwani, ile kijani laini ya kwenye mawe yenye unyevu, na jimbi vyote havina maua wala mbegu. Huzaliana kwa spora. Ila kuvumwani haina mishipa ya kupandisha maji. Hunywa kwa mwili mzima, ndiyo maana hubaki chini kama zulia. Jimbi lina mishipa na mizizi ya kweli, likasimama.

Basi Mama alilalamika kwamba sinia la marehemu limeingia uchafu. Nikatazama, nikaona kijani bapa kimetanda juu ya udongo, hakina shina wala jani. Nikamwambia, kifua mbele, kwamba ni kuvumwani tu, inamaliza unyevu wa mwenzake. Nikachukua kijiko, nikakwangua chote, nikatupa.

Kaka, nisamehe. Nilipoinua sinia kulipangusa, nilikuta chini yake karatasi yenye mwandiko wa Baba: kijani kikitanda msikiguse, ndio watoto. Jimbi huanza hivyo, kipande bapa kisicho na mishipa, kabla halijanyanyuka. Nimekichora ubaoni miaka kumi na moja, kikubwa kama sahani. Sikujua kwamba hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Nilikimbilia pipa nje. Gari la taka lilikuwa limeshapita.

Kwa hiyo liliota, kaka. Nililiua mimi, na tangu mwezi wa pili nakudanganya. Mama hajui. Kila asubuhi ananikumbusha maji ya sinia la Baba, nami namwagilia udongo mtupu huku anatazama.

Wasalimie wote hapo. Ukijibu, usiulizie tena jimbi. Barua zako humsomea Mama mimi, na nikifika pale huruka mstari.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu wa Ubao