Dada Paskalina na Disketi Kumi na Tatu

Mpendwa dada Paskalina,

Jumanne iliyopita niliondolewa kwenye kamati ya kijitabu cha historia ya chuo chetu, na sijutii hata kidogo. Nakuandikia wewe ambaye hutaisoma barua hii, na naiacha wazi ili waisome wao.

Walinipa rasimu niihakiki. Kwenye ukurasa wa kompyuta nikakuta maelezo mafupi kwamba uongozi ndio ulioileta Windows 95 chuoni na kuwafundisha watumishi kuitumia. Nikausoma ukurasa ule mara tatu nikilitafuta jina lako. Halimo. Basi acha niseme mwenyewe, maana nilikuwepo.

Tulikuwa wachapaji wawili katika chumba kimoja, dawati lako likiwa dirishani likitazama milima, langu mlangoni. Wewe ulikuwa umeshuka kutoka Matombo na miaka kumi ya kazi mkononi, mimi mtoto wa mjini ndiyo kwanza naajiriwa. Karani wa takwimu alikuwa na kompyuta ya zamani, ile ya skrini nyeusi, ambayo kila amri ilibidi uikariri na kuiandika, na jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi nane. Saa ya chakula alikuachia uichezee. Siku moja uliandika jina lako, herufi ya mwisho ikakataliwa. Ulisema, "Hata hii nayo inanipunguza," tukacheka mpaka karani akatushangaa.

Redio zilipotangaza kwamba ng'ambo umetoka mfumo mpya, hiyo Windows 95, kwetu ilikuwa habari ya mbali. Mfumo huo ulitufikia baadaye, ndani ya kompyuta mpya iliyoletwa na fundi kutoka Dar es Salaam na kuwekwa ofisini kwa mkuu wa utawala. Tuliitwa wote tuitazame. Skrini ina rangi, mshale unaufuata mkono wako, na chini kushoto kuna kitufe cha Start. Fundi alipoondoka, mkuu aliifunika kwa kitambaa cha kufuma na kutangaza kwamba wachapaji wasiiguse, mashine zetu za chapa zinatutosha.

Hukubisha. Ulikuwa umeshamwomba fundi kitabu cha maelekezo, naye akakupa bila kuuliza. Ulikaa nacho wiki nyingi, kamusi ya Kiingereza pembeni, ukaandika kila neno na maana yake kwenye daftari la mistari.

Ndiyo maana ulikuwa wa kwanza kuona kosa. Mkuu alikuwa akimaliza kazi anazima swichi ukutani. Ulimwambia kwa heshima kwamba ili kuizima anatakiwa abonyeze Start, achague kuzima, kisha asubiri iandike kwamba sasa ni salama kuzima. Akajibu kwamba hajawahi kuona kitu kinachozimwa kwa kubonyeza "anza". Akaendelea na swichi yake.

Wiki ya mahafali kompyuta ikagoma kuwaka. Orodha ya wahitimu na vyeti vyao vyote vilikuwa humo ndani. Fundi alipopigiwa simu alisema hawezi kufika kabla ya wiki mbili, na vijana wale walikuwa wanasubiriwa makazini. Wapo waliokuwa wakikuta nafasi imeshachukuliwa kwa kuchelewa siku moja. Ukaenda kwa mkuu ukaomba ufunguo wa kabati la disketi ili uuweke mfumo upya. Nilikuwa nimesimama nyuma yako.

"Ukiiharibu," alisema, "barua yako ya kuachishwa kazi nitaichapa mwenyewe."

"Utaichapa kwa kutumia nini, mzee?" ulimuuliza, kwa sauti ile ile ya kuombea ruhusa.

Alikutazama, akatoa ufunguo.

Ilikuwa disketi ya kuwashia na nyingine kumi na tatu za mfumo wenyewe. Ulikaa kwenye kiti chake. Mimi nilikupa moja moja, tukizitaja namba kwa sauti tusije tukakosea. Ya saba ilikataa kusomeka. Uliitoa, ukaipuliza, ukakichezesha kifuniko chake cha bati, ukairudisha. Ikakataa tena. Mkuu, aliyekuwa mlangoni, aliguna. Mara ya tatu ikasoma, na wewe hukugeuka hata kumtazama. Alasiri skrini ikafunguka na anga ya buluu yenye mawingu. Orodha ilikuwa salama. Ukaihifadhi upya kwa jina refu, kwa kuwa mfumo ule ulikuwa unaruhusu: Orodha ya wahitimu iliyookolewa na Paskalina na Zuhura. Vyeti vikatoka kwa wakati.

Jumatatu yake ulibandika karatasi kwenye ukuta wa chumba chetu. Start: anza. My Computer: kompyuta yangu. Recycle Bin: kapu la taka. Mkuu akaibandua, akasema kompyuta haina Kiswahili.

"Sisi tunacho," ulisema.

Ukaandika nyingine. Akaibandua. Ya tatu uliigandisha kwa uji mzito wa unga wa muhogo, na alipoanza kuikwangua ilibeba rangi ya ukuta. Baada ya hapo aliiacha. Kila saa ya chakula wanawake wa ofisi walijaa chumbani kwetu uwafundishe maneno yale, pamoja na Salma mhudumu, ambaye kazi yake ilikuwa kufagia na kupika chai. Ulimketisha Salma mbele kabisa.

Malipo yako tunayajua. Aliajiriwa kijana mwenye cheti awe mtaalamu wa kompyuta, wewe ukaambiwa umfundishe kazi, halafu ukahamishiwa bohari. Ulimfundisha vizuri, bila kumficha kitu. Mimi nililia. Wewe uliniuliza kama machozi yanajua kuchapa. Ulistaafu ukiwa bohari, ukarudi Matombo kwenye migomba yako, na mwaka jana tukakuzika huko.

Kwenye kikao cha kamati Jumanne ile nilisimama nikayasema haya yote. Mwenyekiti alinisikiliza, kisha akasema, "Dada Zuhura, hayo ni mambo madogo ya ofisi." Nilimwambia sitaweka saini yangu kwenye ukurasa wa uongo. Ndipo wakaniondoa.

Nikapanda bodaboda moja kwa moja hadi Msamvu, kwa Salma. Siku hizi ana duka la steshenari na kompyuta sita, na vijana wanalipia kujifunza kwake. Aliposikia, alifunga duka mchana kweupe na kuanza kuwapigia simu wenzetu mmoja mmoja. Kila aliyekaa chumbani kwetu saa ile ya chakula anaandika ukurasa wake. Tunakuwa na kijitabu chetu, na kinaanza na picha yako.

Jana mwenyekiti alinipigia. Amesikia habari, akaomba nimtumie nakala aihakiki kabla haijatoka. Nilimsalimia vizuri, nikamwambia hakuna cha kuhakiki. Kikitoka atakikuta kwa Salma, aje asubiri zamu yake kama wateja wengine.

Pumzika, dada yangu. Sisi huku bado hatujachoka.

Mdogo wako wa kazini,
Zuhura