Siku za OFF za Nafula

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemaliza Februari. Macho yanawasha. Kazi yenyewe si ngumu. Nachukua ratiba ya zamu ya Nafula, karatasi moja kila mwezi, naingiza kwenye programu ya simu: tarehe, ndege, alikotoka, alikotua, saa ya kuruka, saa ya kutua. Marubani wanahesabu kwa saa ya kimataifa, masaa matatu nyuma ya yetu. Wiki iliyopita niliongeza matatu kwa kila mstari, nikajiona mjanja. Kumbe programu inajiongezea yenyewe. Nilifuta mistari sitini. Nilijitukana kwa Kibukusu, maana Kiswahili hakikutosha.

Nafula ni mdogo wangu, rubani msaidizi anayetaka unahodha. Wakubwa wake wanataka safari zake zote ziwe kwenye programu kufikia tarehe kumi na tano, na yeye ana miezi kumi na minne imelala kwenye karatasi. Muda hana. Mimi ni karani wa duka, nimezeekea kwenye karatasi. Akanitumia bahasha nzima kutoka Nairobi, na ratiba ya mwezi huu ndani yake.

Siku asizofanya kazi zimeandikwa OFF. Programu inazitia rangi ya kijani. Nazipenda, hazinipi kazi. Kila siku ina kisanduku cha maelezo mwishoni. Sijui kinaandikwa nini. Nakiacha tupu.

Jumanne, 5 Agosti

Machi. Nafula huandika saa halisi kwa kalamu nyekundu, kando ya zile zilizopigwa chapa. Mwandiko wake ni ule wa shule, herufi zimesimama wima. Isipokuwa Jumapili ya tarehe tisa. Hapo kalamu imeteleza kutoka kwenye nambari mpaka ukingoni mwa karatasi.

Mstari kama huo naujua. Daftari langu la kidato cha pili lilikuwa nao kila ukurasa. Ni mtu aliyesinzia akiandika.

Programu haikulalamika. Siku mbili kabla ya hapo ni OFF, kijani kibichi. Basi alikuwa amepumzika. Mbona asinzie?

Jumatano, 6 Agosti

Mjomba Wekesa ametutoka leo asubuhi, kwake Kimilili. Nimelia dukani mbele ya wateja.

Mama alipofariki, mjomba ndiye aliyekuja kukaa nasi hapa Kitale. Nafula akiwa na miaka sita, alimpakia kwenye baiskeli hadi kiwanja cha ndege, wakasimama nje ya ua kungoja ndege. Mchana kutwa. Haikuja. Kesho yake wakarudi tena, wakaiona.

Nikafuta machozi nikatoa daftari la simu. Katika ukoo huu mwitaji ni mimi. Akifa mtu, akioa mtu, akitahiriwa mtoto, ninayepiga simu ni mimi, na najivunia. Nafula ni namba moja daftarini. Watu huuliza kwanza: rubani anakuja?

Nimempigia. Akasema atakuja, hata kwa miguu.

Alhamisi, 7 Agosti

Simiyu, dereva wa lori letu, amerudi kazini asubuhi kutoka matanga ya mkwewe. Bwana Gurdev, mwenye duka, akamnyang'anya ufunguo. "Enda lala siku mbili. Mahindi itangoja." Ndiyo sheria yake tangu zamani: anayetoka matangani hashiki usukani. Mimi miaka yote nilimwona mtu asiyeheshimu msiba wa wenzake. Nimemsengenya sana kwa hilo.

Leo nimebaki nimeganda na risiti mkononi. Machi. Tarehe saba na nane. Matanga ya mama mdogo, kule Misikhu.

Nimefika nyumbani, nimetoa shajara ya wakati huo. Mkono wangu mwenyewe: "Nafula amefika alfajiri. Amekaa nasi mpaka mwisho, ameondoka jioni. Nimefurahi. Watu wamemwona."

Watu wamemwona. Mpumbavu mimi. Sikuandika kama alilala.

Nikaanza kulinganisha, ratiba mkono huu, shajara mkono huu. OFF ya Agosti mwaka jana: tohara ya mwana wa Wafula, Bungoma. OFF ya Desemba, siku tatu: sherehe yetu ya ukoo, na kupika alipika. OFF ya Aprili: mahari ya binamu, Bungoma tena, kwa sababu wakwe walitaka kumwona rubani kwa macho. Sikupata mwezi hata mmoja ambao hatukumwita. Kila mara kesho yake alfajiri alikuwa angani.

Siku zake za kijani tumezila sisi. Na simu nilipiga mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemuuliza Nafula kuhusu ule mstari wa kalamu. Akacheka. Akaacha kucheka.

Siku ile walikuwa wakishuka kuingia Kisumu. Nahodha alimwita jina mara mbili, hakusikia. Mara ya tatu akamgusa bega. "Ilikuwa sekunde tu, dada. Usiambie mtu." Nahodha naye hakumwambia mtu.

Sikuuliza kulikuwa na abiria wangapi. Chai nimeimwaga.

Jumatatu, 11 Agosti

Mazishi ni Jumamosi hii. Nimefungua ratiba ya mwezi huu. Ijumaa: kazi mpaka jioni. Jumamosi: OFF. Jumapili: kuripoti saa kumi na mbili asubuhi.

Amenieleza mpango wake kama mtu anayepanga kwenda sokoni. Apande basi Ijumaa akitoka kazini, azike, ageuze Jumamosi jioni, afike Nairobi alfajiri, avae sare. Kwenye programu Jumamosi itakuwa kijani. Kwenye karatasi hakuna atakayekuwa amekosa.

Anayejua ni mimi peke yangu. Naogopa. Sijawahi kuogopa rangi ya kijani.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwambia asije.

"Kwani huyo si mjomba yangu pia? Si ni wewe ulisema mtu akikosa matanga ya kwao asizikwe na watu?"

Nilisema kweli. Nilimwambia binamu yetu, tena mbele ya wageni. Mdomo huu utaniponza.

Nikamtisha kwamba akipanda basi nitampigia nahodha wake. Namba ya nahodha sina, hata jina lake silijui. Akakata simu.

Alhamisi, 14 Agosti

Hapokei.

Mjomba Barasa, kaka yake marehemu, ndiye mwenyekiti wa mazishi. Ratiba ya ibada imeshachapwa: "Shukrani za wapwa: Rubani Nafula." Nimemwomba amtoe. "Kwani ako na safari siku hiyo?" Kusema ndiyo ni neno moja tu. Nikamwambia mzee nitampigia baadaye. Sikumpigia. Mimi ninayegombeza ukoo mzima, leo nimeogopa mzee wa fimbo.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemaliza Julai. Miezi yote kumi na minne imo. Nimemjulisha Nafula saa sita mchana. Amejibu kwa alama ya kidole gumba. Neno hata moja hakuna.

Huenda yuko kwenye basi sasa. Huenda hayuko. Nimepiga simu mara nne na sili kitu.

Jumamosi, 16 Agosti. Kimilili

Tumemzika mjomba.

Tangu asubuhi shingo yangu ilikuwa langoni. Kila gari likisimama, nainuka kuangalia. Simu yake imezimwa. Kila niliyemsalimu aliniuliza rubani yuko wapi, hata wale ambao hawakuniuliza habari zangu mimi mwenyewe.

Ilipofika zamu ya wapwa, mjomba Barasa akashika kipaza sauti. "Rubani wetu ako wapi? Aje mbele." Watu wakageuka. Nikaenda mimi. Njiani nilikuwa na uongo mzuri kabisa: ameitwa kazini ghafla. Wangempigia makofi.

Nikasema, "Amelala. Kesho alfajiri anaendesha ndege ya watu. Mimi ndiye nimemkataza kuja."

Kelele. Mama mmoja wa kwaya akasema kwa sauti, "Ati amelala? Mjomba anazikwa, yeye analala, bana?"

Nikasema ndiyo. Nikasema tena kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimwita kila mara, na kila mara alikuja, na siku moja usingizi ulimkamata pale ambapo usingizi haufai kumkamata mtu. Siri yenyewe sikuitoa yote. Nikasema mjomba alingoja ndege na huyu mtoto siku mbili nje ya ua, kwa hiyo anajua kungoja. Atamngoja. Hapo nikarudisha kipaza sauti.

Mjomba Barasa akatoa kalamu mfukoni, akapiga mstari juu ya jina la Nafula kwenye ratiba, akaita anayefuata. Sikuelewa kama ni hasira. Wakati wa chakula shangazi wawili walihama benchi niliyoketi.

Lakini si hao walioninyima raha. Nimewaambia watu amelala, na mimi sijui amelala au yuko njiani. Mpaka udongo wa mwisho nilitazama lango.

Hakuja.

Jumapili, 17 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Sikuenda kanisani. Nimepika uji, nimekaa na simu mezani.

Saa mbili, kimya. Saa tatu, kimya. Nimefagia chumba mara mbili.

Saa nne na robo picha imeingia. Nakala yake ya ratiba, kalamu nyekundu. Nairobi kwenda Kisumu. Kisumu kurudi Nairobi. Herufi zimesimama wima, zote. Chini yake ameandika: "Jana asubuhi nililia. Mchana nikalala. Usiku nikalala tena. Bado nimekukasirikia. Nikipata likizo utanipeleka kwa kaburi."

Nimejibu sawa. Nimelia kidogo, si sana.

Nimeingiza safari zote mbili. Kisha nimerudi nyuma hatua moja, kwenye jana. OFF, kijani. Nimebonyeza kile kisanduku cha maelezo, nimeandika neno moja: Alilala. Nimehifadhi.