Boksi Nililoingia Nalo Msibani Kwako

Baba,

Mwadila, nakusalimu kwa Kisukuma chetu. Nakuandikia nikiwa kibandani Bariadi, mchana, wateja wangu wa gemu hawajatoka shule. Najua ungeniuliza kwa nini nahangaika na karatasi wakati kaburi lako liko Sola, na magari ya kwenda huko yapo kila siku. Ni aibu, Baba. Mdomo umenishinda, nimeona nijaribu kwa mkono.

Nyumbani hawajambo. Kaka Masanja kapata pamba ya wastani. Yule ng'ombe wako mwekundu aliyezoea kulala mlangoni kazaa jike, na Mama hataki mtu mwingine amkamue. Shangazi Minza, Sengi wetu, bado anaongea kuishinda redio. Jumamosi ijayo tunakujengea kaburi. Saruji na kokoto viko uani tayari, na ukoo wote utakuwepo. Ndiyo maana naandika leo.

Unaikumbuka ile mashine niliyoisubiri? Mwaka ule shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa, nami nilifunga kibanda. Mikusanyiko ilikatazwa, na gemu bila vijana kubanana kwenye benchi si gemu. Nikarudi Sola, tukachuma pamba pamoja. Ulinicheka kwamba mikono yangu imelainika kwa kushika pedi za gemu. Nikakueleza kwamba mwisho wa mwaka inatoka mashine mpya ya gemu, na nikiipata wa kwanza Simiyu nzima, vijana wataviacha vibanda vya wenzangu waje kwangu. Wewe ndiye uliyemuuza maksai wako mkubwa ili mimi nifungue kibanda, na wazee wenzako wakakuambia umemtupa ng'ombe. Nilitaka waone hukumtupa.

Mashine ikatoka kweli, lakini haikufika kwetu. Kule nje watu walikuwa wamefungiwa ndani, hawana pa kwenda, wakazinunua wao zote. Mizigo mingine ilikwama bandarini. Muuzaji wangu wa Mwanza, kila nikimpigia, ananiambia wiki ijayo. Mimi nilikuwa nimeshabandika tangazo mlangoni, na vijana walikuwa wameanza kuniita Wiki Ijayo. Wewe ukipiga simu unauliza, mgeni kafika? Nikisema bado, unaniambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," unacheka mpaka unakohoa. Nilidhani ni kicheko.

Halafu ukaugua. Masanja alinipigia akasema unakohoa usiku kucha, wanakufukiza nyungu ya mwarobaini na michaichai, lakini pumzi haitoshi. Nikamwambia nakuja kesho. Asubuhi nikaenda stendi na begi langu, nauli ya Maswa ya kuja kwako mkononi. Simu ikaita. Muuzaji wa Mwanza akasema imebaki boksi moja, na kama sijafika mchana anampa mtu mwingine.

Nilipanda gari la Mwanza, Baba.

Nilijipa moyo kwamba ni siku moja tu. Kwamba wewe ni mgumu, ulishawahi kupigwa pembe na fahali ukaamka. Masanja anasema asubuhi ile uliuliza kama gari la Bariadi limeshafika. Alikujibu kwamba Kabula yuko njiani. Nilikuwa njiani kweli, ila njia nyingine.

Habari yako niliipatia Lamadi wakati wa kurudi, boksi likiwa mapajani. Tulipopita Bariadi ningeweza kushuka nikaliacha kibandani. Sikushuka. Nataka ulijue na hili: niliogopa litaibiwa. Nimetoka kuambiwa baba yangu amefariki, na bado nawaza wezi.

Kwetu unajua, mtu akiingia msibani na mzigo haulizwi. Wanawake walinipokea getini kwa kilio, boksi likatoka mikononi mwangu, likapelekwa jikoni pamoja na unga na maharage ya watu. Mimi nikaenda kukulilia. Nilipokuwa nimekaa na Mama kwenye mkeka, Shangazi Minza alikuwa anatafuta sukari ya chai. Akakata kamba. Akaja ameishika ile mashine nyeupe kifuani, nyaya zinaning'inia, wanawake wote wananitazama.

"Kabula," akasema, "hiki ni kitu gani?"

Ningesema ukweli wangenipiga, na wangekuwa na haki. Siku zile kila mtu alikuwa anaongea habari za kupumua. Neno lilinitoka lenyewe.

"Ni mashine ya kupumulia, Sengi. Nilimfuatia Baba huko Mwanza. Nimechelewa."

Shangazi alikaa chini palepale akaikumbatia, akalia kuliko alivyolia mwanzo. Mama alinishika kichwa akanibariki. Kesho yake, wakati wa kusoma wasifu wako, Masanja alisoma mbele ya watu wote kwamba binti wa marehemu alihangaika mpaka Mwanza kutafuta mashine ya kuokoa pumzi ya baba yake. Nilikuwa nimesimama karibu na jeneza lako. Niliinamisha kichwa, watu wakadhani ni uchungu.

Baada ya matanga nikaondoka nayo, nikasema nakwenda kuitunza. Nikaiwasha. Vijana walijaa mpaka barabarani. Nilikuwa wa kwanza Simiyu nzima.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya wiki tatu. Siku hiyo kibanda kimejaa, vijana wanapigiana kelele za magoli, akaingia Mzee Nkwabi, jirani yako aliyeongoza kuchimba kaburi lako. Amekuja kwa baiskeli mpaka Maswa, kisha kwa gari. Alivua kofia akanisalimia. Akasema mkewe hapumui vizuri, nimwazime ile mashine ya marehemu, wataitunza na kuirudisha. Mashine ilikuwa juu ya kabati, nyuma ya kichwa chake, inaunguruma. Angegeuka angeiona, na asingejua ndiyo hiyo.

"Iliharibika, Mzee," nikamwambia.

"Pole sana mwanangu," akasema. "Ulijitahidi."

Akarudi Sola mikono mitupu. Siku nzima aliyonifuata mimi ilikuwa siku ya kumpeleka mkewe hospitali. Walimpeleka kesho yake, na Mungu alisaidia, alipona. Alipopata nguvu alinitumia kuku jike, kwa sababu nilimpokea mumewe vizuri. Sijaweza kumchinja. Anataga nyuma ya kibanda, na mayai yake nawagawia majirani. Mimi hayapiti kooni.

Mgeni alikuja, Baba. Mwenyeji hakupona.

Sijui kama ungenisamehe. Najua ungetazama zizini kwanza, kama ulivyofanya nilipopoteza ndama wawili kwa kucheza. Siku ile hukunipiga. Uliniambia niende mwenyewe kwa kila mji wa jirani niliokuwa nimeudanganya kwamba ndama wameibiwa, niwaambie nilikuwa nacheza. Nilizunguka mpaka jua likazama, miguu inauma, ukanisubiri na viazi.

Basi nitazunguka tena. Jumamosi, kabla zege halijamwagwa, nitasema mbele ya Mama, na Masanja, na ukoo wote. Kisha nitakwenda kwa Mzee Nkwabi na kuku wake, nimwambie yeye na mkewe kwa mdomo wangu. Wakinifukuza nitaondoka. Lala salama, Baba, sitasema uongo tena wala kukusingizia.

Nakuja na lile boksi, mashine ikiwa ndani, nimelifunga kamba kama lilivyokuwa. Shangazi Minza atanipokea mzigo getini bila kuuliza. Safari hii nitamwambia ni nini kabla hajakata.

Mwanao,
Kabula