Kiti cha Baba Kinachotembea

Bayamo, Kuba,
Jumapili, 12 Februari 2023.

Mpendwa dada yangu Odalmis,

Pokea salamu nyingi, zimejaa hata bahasha haifungi. Hujambo huko Chile? Shemeji hajambo? Lile goti lako linalolalamika baridi ikiingia, limetulia? Sisi huku wazima, tunapumua, tunagombana, tunakunywa kahawa ikipatikana. Mimi mwenyewe nimezidi kupendeza. Muulize yeyote, ila usimuulize Nereida, maana mke wangu hana jicho la kutazama vitu vizuri.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unanikatiza kabla sijafika kwenye utamu. Barua haina mtu wa kuikatiza.

Uliniuliza jambo zito, kama Baba aondoke hapa, Shangazi Nieves aje amchukue wakaishi wote Matanzas, maana nyumba hii bila Mama inammaliza. Jibu ninalo. Utalipata nikishamaliza kujisifu.

Kwanza ujue hali aliyokuwa nayo. Tangu tumzike Mama hakukaa tena barazani. Kile kiti chake cha kubembea kilivunjika upinde mmoja wa chini wiki ileile, naye akalichukua jambo hilo kama amri. Akawa anashinda chumbani akitazama ukuta. Nikimpa kiti kingine anasema hicho ni cha wageni. Kiti cha Mama, pacha wa chake, kikabaki peke yake pale nje, na upepo ukipita kinabembea. Unajua kwetu kiti kitupu kikibembea ni kukiita kifo kije kikae. Siku moja Baba alichungulia, akakiona kinakwenda na kurudi, akageuka akarudi chumbani. Nikakifunga kwa kamba kwenye nguzo. Haikusaidia kitu. Hata chakula akawa anakichokoa tu.

Basi nikaingia karakana. Unakikumbuka kile kibanda nyuma ya jiko? Sasa hivi mafundi wa Havana wakikiona watavua kofia. Jiliwa la kubania mbao nimeliunda kwa jeki ya trekta. Mashine ya kulainishia mbao inazungushwa na mota ya ile mashine ya kufulia ya Kirusi ya Mama. Shule niliiacha mapema, sawa, lakini mtu aliyefufua malori ya jeshi vitani Angola kwa waya na mate hawezi kushindwa na kiti.

Nikakata ubavu wa kitanda cha marehemu Bibi, mkangazi mtupu, nikachonga pinde mbili mpya ili zilingane. Wa kwanza ulipita kwenye mashine ukatoka laini kama shavu la mtoto. Wa pili kuingia tu, umeme ukakatika. Mwenye akili angesubiri. Mimi nikachukua randa, nikamalizia kwa kigae cha chupa, kwa kukadiria na haya macho yangu yasiyokosea. Pa kukalia nikasuka kwa waya za simu, nikapaka vanishi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kukikalia ili nikijaribu siwezi, vanishi mbichi. Nikanyoosha mkono nikisukume, Nereida akapiga kelele kutoka jikoni, "Wee Reinerio! Kiti kitupu hicho! Unataka tumzike nani tena?" Nikaurudisha mkono. Kiti kikatoka karakana bila kujaribiwa, kama mchumba asiyechunguzwa.

Kilipokauka nikakiweka barazani, karibu na mlango. Nereida akachemsha kahawa, akaacha mlango wazi makusudi. Baada ya muda Baba huyo, na kofia yake. Akakizunguka, akakipapasa.

"Amekitengeneza nani?"

"Mimi, Baba."

"Ndiyo maana naogopa."

Akakaa. Akaanza kubembea. Dada, kiti kikaanza kutembea! Kila akienda mbele na kurudi nyuma, kinasogea pembeni kidogo, kidogo, kama kaa. Upinde wa mashine na upinde wa mkono hazikuwa ndugu. Mimi jasho linanitoka, Nereida kaficha uso kwenye aproni, na Baba anabembea tu huku mlango unamwacha.

Bi Fermina wa ng'ambo ya barabara, mdomo wake unaujua, akapaza sauti. "Mzee Evelio! Safari ya wapi hiyo, mbona huagi?"

Baba bila kugeuka, "Nakwenda Holguín. Nikuletee nini?"

"Mume!"

"Nitakuletea jibini. Itakudumu zaidi."

Kisha akacheka. Baba, Odalmis! Kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi.

Akaendelea hivyo hivyo mpaka mkono wa kiti chake ukagonga mkono wa kiti cha Mama. Akaacha kubembea. Nikajua sasa anainuka, anarudi ukutani kwake, na safari hii ndiyo basi. Akaitazama ile kamba.

"Nani kamfunga mama yenu kama mbuzi?"

Nikamtupia jicho Nereida.

"Fungua."

"Baba, kitabembea kitupu."

"Kitakuwaje kitupu, na mkono wangu uko juu yake?"

Nikafungua. Akaweka mkono, vikabembea vyote viwili. Kahawa akainywa pale pale, akaomba na mkate.

Kesho yake nikaja na randa nirekebishe. Akaniambia nikikigusa kiti chake atanipiga nayo. Kila asubuhi anakivuta mwenyewe hadi mlangoni, anaanza safari, na kahawa ikiiva anakuwa amefika kwa Mama. Bi Fermina anamuuliza leo wapi. Jana alikwenda Santiago. Watu nawaambia nilikichonga hivyo kwa kukusudia, na wewe huko useme hivyo hivyo.

Kwa hiyo mwambie Shangazi Nieves aje kutembea tu, tutafurahi, ila asije na begi la kumpakilia Baba nguo. Baba haondoki. Akienda Matanzas ataenda kwa kiti, na chakula cha mchana kitamkuta hapa hapa.

Ukipata mtu anayekuja, nitumie msasa laini na gundi ya mbao. Bingwa bila msasa anadharaulika.

Nisalimie shemeji na wanao. Nereida anakusalimu, Bi Fermina pia, bado anangoja jibini. Mungu akulinde huko ugenini, na hilo goti alitazame. Baba amesema niandike hivi, kama alivyotamka: wiki ijayo anakuja Chile, ubandike maji ya kahawa.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kuliko ninavyojipenda, na unajua ninavyojipenda,

Reinerio