Nimemlisha Mama Mkwe Samli Katikati ya Mfungo

Mama Askale mpendwa,

Nisaidie, mama yangu, na ukiweza nisaidie kabla ya sikukuu ya Mikaeli, maana maji yamenifika shingoni na mtu wa kumwambia sina, mke wangu ni binti wa huyo huyo ninayemwogopa, na baba yetu wa kiroho ndiye atakayekibariki chakula chenyewe.

Mimi nauza mabomba na vigae hapa Gulele, lakini watu hawanijui kwa mabomba, wananijua kwa mdomo, mtu akitaka kula nje hapa Addis ananipigia simu kwanza, na mimi bila kuombwa mara mbili nitamwambia kwamba ule mkahawa wa ghorofani kule Piasa makiato yao, ile kahawa ya maziwa, haina mpinzani ila keki zao usiziguse, zinalala kwenye friji hadi zinanuka kitunguu, na yule wa maharage ya asubuhi karibu na stendi ni mzuri ukiwahi, ukichelewa unakunywa maji yake, na kule Gerji kuna bwana wa nyama mbichi mwenye nyama safi na kisu butu, kwa hiyo nenda na meno yako, na juisi ya parachichi kunywa popote ila pale wanapotia sukari kwa bakuli. Hiyo ndiyo starehe yangu, mama, sinywi pombe wala sichezi kamari.

Sasa mama yake mke wangu, Mama Etagegn, tangu nimuoe Hirut ananiita "yule wa mabomba", alitaka mkwe mhandisi akanipata mimi, si kwamba ananitukana, la, ananisalimia vizuri, ananikaribisha kahawa, lakini tukikaa kwenye sinia moja kula, analisha tonge la heshima kwa mkono wake mwanawe, wajukuu, jirani, hata fundi aliyekuja kutengeneza paa alilishwa, mimi ananipita kana kwamba mdomo wangu umefungwa kufuli. Miaka yote hiyo, mama. Unajua inavyouma, mtu kupitwa na tonge mbele ya watoto wako?

Muda mfupi kabla ya Mfungo Mkuu kuanza, mwenzangu wa dukani, Nigusse, akanipeleka kwa dada mmoja anaitwa Asnaku, nyuma ya gereji, mabenchi tu na meza chache, anapika shiro tu, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu, hana kingine, inakuja kwenye chungu kidogo bado inatokota, nikachovya kipande cha injera, mkate wetu mwembamba, nikafumba macho. Nikamwambia Nigusse, "Ndugu yangu, wengine wote wanapika uji." Mfungo ulipoanza, nyama hakuna, maziwa hakuna, mayai hakuna, nikarudi mbio kwa Asnaku kwa sababu shiro si ni unga wa dengu tu, na dengu inaruhusiwa. Akanitazama kidogo, akauliza, "Kama kawaida, kaka?"

"Kama kawaida, dada."

"Una hakika?"

"Usibadilishe hata chembe," nikamwambia, na mama, haikubadilika hata chembe, nikafumba macho tena. Nikasema huyu ni fundi wa kweli, wengine mfungo ukifika shiro yao inapooza kama maji ya kuoshea vyungu, yeye wala.

Nikamwambia kila mtu. Nikampeleka Hirut, kisha Hirut akamwambia mama yake, kisha siku moja Mama Etagegn mwenyewe akaja na wenzake wa chama cha Mikaeli, wanaolishana kwa zamu kila mwezi siku ya mtakatifu huyo, mimi nikatangulia kama mwenyeji, Asnaku akawatazama wale wamama na mitandio yao myeupe, akaninong'oneza, "Na wao pia kama wewe?"

"Nao pia, dada, hawa ni watu wangu!"

Mama Etagegn alionja, akanyamaza. Akaonja tena. Hakusema neno, akala mpaka akapangusa chini ya chungu kwa kipande cha injera, kisha akakunja tonge nene, akaninyooshea mkono hadi mdomoni, mbele ya wamama wote, akasema, "Kula, mwanangu. Angalau una ulimi." Nilikula huku machozi yananilenga, nikasingizia pilipili. Wiki iliyofuata alikwenda tena, naye sasa ananiita mwanangu kwenye simu.

Zamu ya kulisha chama mwezi huu ni yake, goti linamsumbua, hawezi kusimama jikoni, kwa hiyo ameamua chakula kitoke kwa Asnaku, na kasisi, baba yetu wa kiroho, atakuja kukibariki, na ameniachia mimi nikaagize. Nikaenda. Mimi na Nigusse tukaagiza kwanza vyungu vyetu, na kwa kuwa Asnaku alikuwa na wateja, nikapita mwenyewe hadi jikoni, na hapo ndipo nilipomwona kwa macho yangu amefungua kopo, anachota samli, samli yenyewe, mama, ya manjano, yenye viungo, anadondosha kijiko kizima kwenye chungu nilichomwagiza mimi na cha Nigusse, halafu akageukia vyungu vingine akaendelea na kazi. Harufu ikanipiga. Nikarudi mbio kwenye benchi, chakula cha chama sikukiagiza, na nikufiche nini, ile ya siku hiyo niliimaliza.

Sasa nifanye nini? Nikisema, nimemlisha mama mkwe na chama kizima samli katikati ya Mfungo Mkuu, nitarudi kuwa yule wa mabomba, au pabaya zaidi. Nikinyamaza, kasisi atasimama na msalaba wake abariki samli. Nimefikiria niseme jiko la Asnaku lina panya, hapo watu wataacha kwenda na siri itakufa, na kwa kweli anastahili, amewadanganya watu wa Mungu. Hirut anasema siku hizi silali, nimemwambia ni kiungulia. Nishauri, mama, lakini usinichape sana.

Mimi mwanao,
Mla Shiro, Gulele

*

Mla Shiro,

Nitakuchapa, tulia.

Kwanza nakupa pole, na ninaitoa kwa moyo, kwa lile tonge. Nimesoma hapo nikaweka miwani mezani. Mtu mzima kupitwa kwenye sinia miaka yote si jambo dogo, na mama mkwe wako alikosa adabu. Hilo nimelisema na gazeti limechapa, na kama analisoma, salamu zake.

Sasa njoo hapa karibu. Asnaku amemdanganya nani? Umeniandikia kwa mkono wako kwamba ulikula kwake kabla ya mfungo, siku ambazo kila shiro ya mjini ina samli. Mfungo umeanza, dada wa watu akakuuliza kama kawaida, ukasema kama kawaida. Akakuuliza kama una hakika, ukamwambia asibadilishe hata chembe. Ulitaka akuulize kwa tarumbeta? Mtoto wa shule hapa Addis akiingia mgahawani msimu huu, kabla hajakaa ameshasema "ya mfungo". Wewe, mwenye ulimi unaopigiwa simu, hukusema. Kisha ukaleta wamama, akakunong'oneza kwa heshima asiwaaibishe, nawe ukapayuka kwamba nao pia. Kwa akili yake ninyi ni watu wa kanisa lisilofunga, au ni watu mlioamua kuasi kwa pamoja, na si kazi ya mpishi kuwahubiria wateja. Na jikoni ulimwona anatia samli kwenye vyungu vyenu viwili, halafu akageukia vingine. Kwenye hivyo vingine alitia nini? Hukutazama, ulikuwa umeshakimbilia benchi. Mimi nakwambia alitia mafuta, na watu wa meza za pembeni wamefunga vizuri kabisa msimu wote huku wakiwashangaa ninyi mnavyofumba macho.

Kwa hiyo hadithi yako ya panya imeze mwenyewe. Mwanamke ana jiko moja na jina moja, nawe ulitaka kumvunjia vyote ili uendelee kulishwa tonge. Hapo ndipo nilipokukasirikia kweli, na kama ungekuwa mbele yangu ningekuvuta sikio.

Na hiyo habari ya kwamba uligundua jikoni, kamdanganye asiyekula. Unatofautisha keki iliyolala karibu na kitunguu, halafu samli ikupite? Ulijua tangu tonge la kwanza la mfungo. Ulijua, ukajitia hamnazo, kwa sababu ilikuwa tamu. Ndiyo maana hulali, wala si kiungulia.

Utafanya hivi. Leo hii, gazeti likiwa bado mkononi, nenda kwa Asnaku, usipite jikoni kwa watu bila kuitwa, kaa kwenye benchi, umwombe radhi kwa yale uliyomwazia hata kama hayajui, kisha uagize chakula cha chama kwa maneno kamili, ya mfungo, mafuta tu, kwa ajili ya kasisi na wamama wa Mikaeli. Atacheka. Mwache acheke. Halafu umwone baba yako wa kiroho, atakupa idadi ya kusujudu, usianze kupunguziana naye bei kama vile ni mabomba. Walioletwa na wewe hawakujua, hesabu yao na yako si moja, naye atakueleza vizuri kuliko mimi.

Umeniomba njia ya kumkwepa mama mkwe, na hiyo sina. Utakwenda kwake peke yako, bila Hirut, saa ya kahawa, ile ya vikombe vitatu. Utakunywa ya kwanza, utakunywa ya pili, hutasingizia duka. Ya tatu ikimiminwa utamwambia yote, mwanzo mpaka mwisho, bila panya na bila kumtaja Asnaku kwa ubaya.

Najua unachoogopa, kwa hiyo sikiliza jambo moja ulilolipita mbio. Mama Etagegn, kama kila mama wa rika lake, ametengeneza samli kwa mikono yake tangu msichana, amewafundisha mabinti zake, anaijua ikiwa bado nyumba ya tatu. Alionja shiro ile, akanyamaza. Akaonja tena, akanyamaza. Kisha akapangusa chungu, na wiki iliyofuata akarudi. Mwanangu, unadhani hakujua? Anajua tangu siku ile, naye anaogopa kusema kama unavyoogopa wewe, na chakula cha chama amekuachia wewe ukaagize ili ukiagiza vibaya isiwe mkono wake. Mtangulie. Mwanamke mzee asiyelala usiku kwa sababu ya chungu cha shiro anahitaji mtu mmoja tu wa kuanza kusema, na katika familia yenu yote mtu huyo ni wewe.

Mama Askale