Mlango wa Khalwa

Mjukuu wangu Mariama, salamu zetu zikukute mzima huko Marseille. Sisi Mahajanga tu wazima. Mjomba wako amepata binti, na paji la uso ni lako kabisa.

Unaniuliza kama ni dhambi kuona wivu mumeo anapojifungia kumdhukuru Mungu. Mimi niliona wivu mkali. Kiwanda cha sukari cha Dzamandzar kilikuwa bado kinafanya kazi. Babu yako, aliyeajiriwa huko, aliomba likizo, tukaja hapa mtaani Tanambao aingie khalwa, ajitenge chumbani peke yake kwa dhikri, nyumbani kwa shehe wake. Nilikuwa bibi harusi. Kila jioni nilimwekea wali mlangoni, bila samaki na bila kusema neno, ndiyo desturi. Nilimsikia akilitaja jina la Mola kwa sauti laini. Langu hakuwahi kulitaja hivyo.

Alipotoka, watu walimbusu mkono. Mimi nilinuna jikoni. Akaja, akaketi kwenye mbuzi ya nazi, akasema taratibu, "Shehe aliniamuru nitoe kila kitu moyoni, abaki Mola peke yake. Vyote vilitoka. Wewe ulikataa."

Alipoingia tena mwaka uliofuata, mlango nilimfungia mimi.

Bibi yako