Mpiga Besi wa Mzee Anaeli

Njoro, Moshi
Jumapili jioni

Mke wangu mpenzi Marta, mama wa Neema,

Salamu nyingi zikufikie hapo kijijini pamoja na mtoto wetu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba mama yangu hasumbuliwi sana na miguu kwa baridi hii. Mimi ni mzima wa mwili, na leo hata moyo ni mzima, utaona mwenyewe kwa nini. Huku mvua zimekatika, mlima ulionekana asubuhi mpaka kileleni, na sabuni imepatikana dukani baada ya wiki tatu, kwa hiyo hata mashati yangu yanashukuru. Je, nyumba imeezekwa? Uliandika kwamba tangu mhamishiwe kijiji kipya mnalala kwa shemeji. Nijibu hilo, maana linanikosesha raha.

Barua yako niliipata. Ilikuwa fupi. Uliandika: "Kaka yangu alipita Moshi, anasema umeacha pombe. Umeshaacha mara tatu. Hii ya nne ina tofauti gani?" Niliposoma mara ya kwanza niliumia. Niliposoma tena nikaona ni swali la haki. Basi nitakujibu kama ilivyotokea, pamoja na sehemu nisiyopenda kuisema.

Nilivyokukosea unajua. Siku ya ubatizo wa Neema kanisa zima lilinisubiri, kumbe mimi nilikuwa nimeshuka basi pale njia panda kwenye vilabu, nikafika nyumbani kesho yake nimevaa kiatu kimoja. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Mtoto amepewa jina." Nilirudi Moshi na maneno hayo, nikaapa. Niliapa nimeshika Biblia, nikamaliza siku tano. Nikaapa tena, nikamaliza siku tisa. Mara ya tatu hata wiki sikufikisha. Nikaamini kwamba mimi nimeumbwa hivi, na anayetaka kunibadilisha anapoteza muda wake.

Hapa kiwandani tunapopasua na kuranda mbao kuna fundi wa makamo, Mchagga wa Old Moshi, anaitwa Mzee Anaeli. Kila asubuhi anashuka mlimani kwa miguu, na jioni anapanda kurudi kwenye migomba yake. Siku moja mikono yangu ilitetemeka kwa ulevi wa jana, randa ikapita karibu sana na kidole gumba. Msimamizi alinionya mbele ya watu. Saa ya chakula Mzee Anaeli akaja kukaa karibu yangu.

"Zakaria, una kifua kipana. Unaimba?"

"Naimba nikilewa," nikamjibu, maana nilikuwa na hasira.

"Hiyo haitatusaidia kanisani," akasema. "Sisi tuna bendi ya tarumbeta. Mpiga besi wetu alifariki mwaka jana, na tarumbeta lake bado liko sandukuni. Besi linataka kifua. Vijana wote wanataka sauti ya kwanza, ile inayosikika."

Nikamwambia moja kwa moja, "Mzee, kama unataka kuniokoa na pombe, wengine wameshajaribu."

Akanitazama kama mtu asiyeelewa. "Mimi sitafuti mtu wa kumwokoa. Natafuta mtu wa besi."

Marta, sijui nikueleze vipi jambo hilo lilivyoniingia. Miaka yote watu walinitaka niache kitu. Huyu alikuwa wa kwanza kunitaka nishike kitu.

Jioni ile kazi ilipokwisha nilipanda naye. Badala ya kukata kulia kwenda vilabuni kama kawaida yangu, tukapitia Kiboriloni, tukaanza mlima. Nilihema kama ng'ombe. Mkewe, Mama Aikaeli, alituwekea mezani mtori, ule mchuzi wao mzito wa ndizi na nyama, halafu Mzee akalitoa lile dude sandukuni. Ni kubwa kama mtoto wa miaka miwili, unalipakata hivyo hivyo. Nikapuliza. Sauti iliyotoka siwezi kuiandika kwenye barua ya heshima. Ng'ombe wao, ambaye hulishwa ndani na hajawahi kuona mbuga, alisimama akapiga kwato ukutani.

"Huyo asipotoa maziwa kesho, nitajua ni nani wa kumlaumu," Mama Aikaeli akasema, na alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

Niliporudi Njoro ilikuwa jioni imekwisha, nimechoka, nimeshiba, midomo imevimba. Nikalala. Asubuhi ndipo nikakumbuka kwamba jana sikunywa. Sikuwa nimeapa. Ile saa ya kiu ilinitafuta njiani nilikozoea kupita, haikunikuta.

Nilipomsimulia Mzee hilo, alisema neno ambalo nalifikiria mpaka leo. "Wewe ulikuwa unaapa asubuhi, wakati huna kiu. Kiu inakuja saa kumi, na huyo mtu wa asubuhi anakuwa hayupo. Miguu ndiyo inayobaki, nayo imeshazoea."

Basi tukawa tunapanda kila siku. Noti alinifundisha kwa namba, kwa sababu mistari ile ilinichanganya macho. Nilitaka kukariri wimbo mzima mara moja, akanikataza. "Chukua mistari miwili, nenda kalale. Asubuhi utaniimbia tukiranda." Na kweli, nilichoshindwa jioni mara kumi, asubuhi nilikikuta kimejipanga chenyewe, kana kwamba kuna mtu aliyeendelea kujifunza mimi nikikoroma. Mtu wa miaka thelathini na sita, niliyeambiwa shuleni kwamba kichwa changu ni kigumu. Siku niliyopiga wimbo wa kwanza bila kukosea nilitembea mpaka Njoro nikitabasamu peke yangu, watu wakadhani nimelewa.

Sasa ile sehemu mbaya. Wiki ya saba Mzee aliumwa homa, hakushuka kazini. Saa kumi nikatoka kiwandani nikajiambia kwamba leo hakuna mazoezi. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimekaa kilabuni, kopo mkononi. Nilikunywa mpaka wakafunga. Nakuandikia hili kwa sababu kaka yako hakulijua, na sitaki uje ulisikie kwa mwingine.

Mzee aliporudi nikamwambia ampe mtu mwingine lile tarumbeta, mimi nimerudi mwanzo.

"Ukikosea noti katikati ya wimbo unafanyaje?" akaniuliza.

"Narudi nyuma mstari mmoja."

"Hurudi mpaka siku ile ya ng'ombe?"

"Hapana, Mzee."

"Basi rudi mstari mmoja. Ulikosea wapi?"

Nikafikiri. Sikukosea kilabuni. Nilikosea pale getini, nilipojiambia hakuna mazoezi. Tukakubaliana kwamba awepo asiwepo, mzima au mgonjwa, mimi nitapanda. Mama Aikaeli aliposikia akasema yeye hajaomba ruhusa ya mtu kupika mtori, na nisipofika ataniletea kiwandani mbele ya wenzangu. Nilimwogopa kuliko msimamizi. Tangu siku hiyo sijanywa, na hii ni miezi sita.

Jumapili iliyopita ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kanisa lilijaa ndizi, kahawa, mahindi, kuku waliofungwa miguu. Bendi ilikaa mbele, na mimi katikati yao, Mnyaturu peke yangu kati ya Wachagga, nimepakata besi. Tulipoanza, sakafu ilitetemeka chini ya miguu yangu, nikajua ni mimi ninayeitetemesha. Sijawahi kupata ulevi unaofanana na huo.

Lakini nilikuwa na hofu ya baada ya ibada. Kwa Wachagga sherehe bila mbege, ile pombe yao ya ndizi na ulezi, si sherehe, na mzee akikupa kata ya kunywea huikatai hivi hivi. Mzee Anaeli alilijua hilo. Wiki mbili nzima tulikuwa tukipanda mlima yeye akijifanya mzee wa ukoo, ananinyooshea mkono mtupu: "Mgeni, pokea." Nami najibu neno tulilolichagua. Alinirudisha mara nyingi kama anavyonirudisha kwenye noti, mpaka nikawa nalisema bila kufikiri.

Baada ya ibada tulikaa nje kwenye majani, nyama ikapita, ndizi zikapita. Mzee mmoja mwenye koti refu akaniletea kata, imejaa, inatoa povu. Harufu ilinipanda puani, Marta, na mate yakajaa mdomoni. Nikaipokea kwa mikono miwili. Kichwani sikuwa na kitu kabisa. Ila mdomo ukasema wenyewe, "Asante sana baba, lakini mimi bado nina wimbo wa kupiga." Nikampa jirani yangu kata.

Yule mzee akanitazama. "Una wimbo? Basi piga."

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Wenzangu walikuwa wameshaweka tarumbeta zao, mikono yao imejaa nyama. Nikasimama peke yangu na besi. Wewe hujawahi kusikia besi likiwa pekee; halina wimbo ndani yake, ni pum, pum, pum, kama mtu mnene anashuka ngazi. Watu wakaanza kucheka. Nikaendelea, nifanye nini. Ndipo Mama Aikaeli akatambua ni wimbo gani, akauimba juu yangu kwa sauti kali. Bibi mmoja akaingia, halafu wanawake wote, watoto wakarukaruka mbele yangu wakiigiza mashavu yangu. Mzee Anaeli akafuta mikono kwenye majani, akachukua tarumbeta lake, na tulipofika ubeti wa tatu hapakuwa na aliyekaa. Yule mzee wa koti refu alicheza na kata nyingine mkononi mpaka mbege yote ikamwagikia viatu vyake.

Kwa hiyo, mke wangu, jibu la swali lako ni hilo. Siwezi kukuambia kwamba mimi ni mtu mwingine. Kiu bado inakuja, hasa siku za mishahara na siku za mvua. Tofauti ni kwamba sasa najua inakuja saa ngapi, na ikifika mimi niko wapi na ninafanya nini. Na kuna wenzangu kumi na mmoja wa bendi ambao nisipofika wimbo wao unakosa miguu.

Ofisi imenipa likizo baada ya msimu wa kahawa. Nitakuja, nami nitakaa kwa shemeji ukitaka, au popote utakaponiweka. Habari za kuhamia Moshi nimeziacha kwako, sitazitaja mpaka uzitaje wewe. Mzee Anaeli ameniruhusu nije na besi ili lisipoe. Mwambie kaka yako atafute gari lenye nafasi, maana litataka kiti chake.

Mpe mama yangu shikamoo, na wakwe zangu wote wawili shikamoo za magoti. Msalimie shemeji aliyewapa chumba, na mchungaji wetu, mwambie nitafika kwake kabla sijafika kwa mtu mwingine yeyote. Mama Aikaeli anakusalimu, anasema anakujua ingawa hajakuona.

Neema umtayarishe mapema. Kila nikimaliza kupiga nabaki na duara jekundu kuzunguka mdomo wote, linakaa muda mrefu kama alama ya kikombe. Mwambie asiogope, hajaumizwa mtu. Ni baba yake, anatoka kazini.

Akupendaye kila siku,
mumeo Zakaria